Siku Niliyomwambia Mzee Pandu "Umepita"

Juzi mjukuu wangu Rukia alinifuata uani, nami nimekalia mbuzi nakuna nazi, akaniuliza: Bibi, "through" kwa Kiswahili ni nini? Mwalimu wao amewapa maneno ya Kiingereza ya kuonesha mahali. La juu kalipata, la chini kalipata, la nyuma na la kati yote kayapata, hilo moja tu limemshinda. Nilicheka hata nikajikwaruza kidole. Nikamwambia neno hilo liliwahi kumchinjisha mtu mbuzi mzima. Akaitazama mbuzi niliyoikalia. La, nikasema, mbuzi wa miguu minne.

Yeye nilimweleza kwa mkato kwa kuwa nazi ilikuwa inangojewa. Nyinyi nitakuelezeni kwa urefu, maana leo sina chungu jikoni.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu. Nilikaa kitako mbele ya ubao uliojaa vitundu, na kila kitundu kilikuwa nyumba ya mtu, au duka, au ofisi. Mtu akinyanyua simu yake, taa ndogo inawaka kwangu. Nachomeka waya, naitika "Naam, simu," ananiambia anamtaka nani, nachukua waya wa pili nachomeka kwa huyo anayetakiwa, napiga kengele. Akiitika nawaambia kwamba wameonana, kisha naondoa sikio langu. Kuondoa sikio ndiyo ilikuwa amri ya kwanza ya kazi. Ukibaki unasikiliza maneno ya watu, kesho unarudi kwenu kusuka ukili.

Niliingia mwaka ule ule wa Mapinduzi, sitini na nne, mambo yalipotulia. Wapokeaji simu wa zamani baadhi yao walikuwa wameondoka, na nafasi zao tukatiwa sisi wasichana wa Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa mji, ambao wengi wetu simu tulikuwa tukiiona kwa mbali juu ya meza za wakubwa. Aliyetufunza alikuwa Bi Filomena, Mgoa mwenye miwani ya mnyororo na mfuko wa nyuzi za sufu, maana alikuwa hawezi kukaa dakika bila kufuma. Alifuma fulana za baridi katika mji usio na baridi. Tulipomuuliza atamvalisha nani, alisema baridi haitabiriki.

Bi Filomena alitufunza mambo ambayo hadi leo mikono yangu inayajua. Waya unashikwa kichwani, haushikwi mkiani, kwa sababu ukiuvuta mkia utakatika ndani na hutajua umekatika. Waya zisipishane ovyo, la sivyo jioni utakuta umesuka mkeka. Laini za shamba mvua ikinyesha hukwaruza, kwa hiyo mteja wa shamba mwambie aseme polepole, usimwambie aseme kwa nguvu, kwani akipiga kelele mkwaruzo nao unapiga kelele. Na mtu akikwambia anataka simu, sikiliza kwanza pumzi yake. Mwenye msiba hupumua kabla ya kusema jina.

Tena akatufunza "You're through." Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mteja kwamba njia imefunguka na mwenzake yupo. Kulitamka neno lenyewe hakukutupa tabu. Mtu aliyekulia kwenye thumni na thelathini, ulimi wake umeshazoea kuchungulia nje ya meno. Tabu ilikuwa maana. Bi Filomena alichukua sindano yake na uzi wa sufu, akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano, akatwambia tazameni: hauko juu ya sindano, hauko chini yake, hauko ndani ukakaa. Umeingia huku ukatoka kule. Hiyo ndiyo "through." Tukaitikia kwamba tumefahamu. Hatukufahamu kitu.

Nilijua kwamba sikufahamu siku nilipomuunganisha Mmarekani mmoja. Tulifunzwa kurudi kidogo kwenye laini na kuuliza, "Are you through?" yaani, je, mmepatana? Yule bwana akajibu "No!" kwa ukali. Nikadhani hawajapatana, nikachomoa waya nikamuunganisha upya. Nikauliza tena. "No!" Nikachomoa tena. Hatimaye alikuja mwenyewe kwa miguu, uso umemuiva, na Bi Filomena akamkaribisha kiti na kumsikiliza kwa heshima zote. Alipoondoka, Bi Filomena alivua miwani akacheka hadi machozi. Kumbe Mwingereza kwenye simu akisema "through" ana maana kwamba mazungumzo yanaanza, na Mmarekani ana maana kwamba yamekwisha. Mimi nilikuwa namuuliza, umemaliza? Yeye anasema bado, nami namkatia. Neno moja, kwa huyu mlango wa kuingilia, kwa yule mlango wa kutokea.

Baada ya muda ikaja amri kwamba kazi za serikali zifanywe kwa Kiswahili, nasi wa ubaoni tumo. Tulifurahi, kwa sababu tulijua sasa hakuna tena mambo ya Mmarekani. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Makame, mtu mwema, mnadhifu, ambaye aliamini kwamba kila jambo duniani lina neno lake na kazi ni kulitafuta tu. Akatukusanya tulitafutie "through" neno la Kiswahili. Liwe fupi, alisema, na liwe la adabu.

Nilisema tuseme "umeungwa." Mwenzangu Asha, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akauliza: umeungwa kwa nazi au kwa mafuta? Neno likafa hapo hapo. Asha mwenyewe akaleta "umepenya," tukamwambia hayo ni ya mwizi dirishani. "Umeunganishwa" lilikuwa refu, mteja atakata tamaa kabla halijafika mwisho. Ndipo Bwana Makame akapiga meza kwa kidole. Mtu akibisha hodi unamwambiaje? Unamwambia pita. Na huyu wa simu naye ni mwenye kubisha hodi. Tutamwambia "umepita." Bi Filomena hakutupia neno. Alisema tu, huku anafuma, kwamba kaneno hako kadogo kana milango mingi, tuangalie tusiache mmoja wazi.

Siku za mwanzo ilikuwa kichekesho tu. Bibi mmoja wa mtaa wetu wa Malindi nilimwambia "umepita," akanijibu, "Nimepita wapi, mwanangu? Mie nimesimama papa hapa tangu nnyanyue mkono wa simu." Tulizoea, na wao wakazoea.

Sasa ndiyo tunafika kwa Mzee Pandu.

Mzee Pandu alikuwa mkulima wa Makunduchi. Huko simu ilikuwa moja, kwenye ofisi ya serikali, na karani wa ofisi alikuwa mtu muungwana, akiwaachia wanakijiji waitumie penye jambo. Jambo la Mzee Pandu lilikuwa binti yake, Mwanakheri, aliyefanya mtihani wa kuingia mafunzo ya ukunga mjini. Mama yake Mwanakheri alikufa kwa uzazi, gari la kumleta mjini likiwa halijafika, na mtoto aliyekuwa tumboni akaenda naye. Tokea hapo binti alisema atakuwa mkunga, na baba yake hakuwa na dua nyengine. Majina ya waliochaguliwa yangebandikwa mjini, kwa hiyo walipatana hivi: Vuai, mdogo wake Mzee Pandu, fundi cherehani wa Mlandege, atakwenda kuyatazama, kisha atangoja simu kwenye duka la jirani yake.

Hayo yote mimi sikuyajua. Nilichojua ni kwamba taa ya laini ya Makunduchi iliwaka, na mtu akaomba duka la Mlandege kwa sauti iliyokauka. Pumzi yake ilikuwa nzito. Nilichomeka, nikapiga kengele, Vuai akaitika, nami nikarudi kwa mzee nikamwambia kwa sauti yangu nzuri ya kazi:

"Umepita, baba."

Nilisikia "Alhamdulillahi!" ya kutetemesha masikio, halafu simu ikabwagwa. Kule Mlandege Vuai akabaki anasema alo, alo. Akaniomba nimpigie tena kakaake. Nilipiga kengele ya Makunduchi hadi mkono ukaniuma, hakuna aliyeitika, na baadaye nilikuja kujua kwamba hata karani alikuwa ameshafunga ofisi akafuata ngoma. Nikamuuliza Vuai kama ana ujumbe. Alinyamaza, kisha akasema basi, maneno yenyewe si ya kutumwa.

Keshokutwa yake askari wa mlangoni akaja kusema kuna mzee wa shamba anamtaka yule bibi wa sauti nyembamba. Nikatoka. Nikamkuta mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya ya kiua, na kwapani ana jogoo mwekundu aliyenitazama kwa jicho moja. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu," akasema, na akanikabidhi jogoo. Habari ya kheri haina malipo, alisema, lakini naye ameona asije mikono mitupu kwa mtu wa kwanza kumpa habari ile. Kijiji kizima kimekula. Amechinja mbuzi wake pekee, watu wamekuja hata kutoka Kizimkazi, na Mwanakheri sasa haitwi jina lake, anaitwa Bi Mkunga. Sasa alikuwa njiani kwenda kwa mdogo wake Vuai, lakini ameona aanze kwangu.

Mimi, jogoo mkononi, ndipo nilipofahamu alichokisikia. Nilimkalisha kwenye benchi, nikakaa na mimi, kwa sababu maneno mengine hayasemwi wima.

"Baba, mie sikukwambia kama binti yako kapita."

"Umenambia. Nimekusikia kwa masikio yangu haya."

"Nlikwambia wewe ndo umepita. Simu yako ndo iliyopita, ikafika Mlandege. Hilo neno letu la kazi."

Alinitazama sana. Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana.

"Kwa hivyo aliyepita mimi," akasema.

"Ni wewe, baba."

"Na mwanangu?"

Nilimwambia sijui, na kweli sikujua, ingawa ule unyamavu wa Vuai ulikuwa umeanza kuniambia. Bwana Makame alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akamchukua mzee hadi kwenye meza yake mwenyewe, akampa mkono wa simu, nami nikaenda ubaoni kumuunganisha na duka la Mlandege. Vuai alipoitika nilirudi kwa mzee, na lile neno nikaliacha. Maisha yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo simu pekee niliyoiunganisha kimya kimya. Kutoka pale nilipokaa nilimwona anasikiliza, anaitikia kwa kichwa kana kwamba Vuai anamwona. Kisha akaweka simu taratibu.

"Jina halimo," akatwambia.

Nililia, na wala sikuona haya. Asha naye alilia, yeye asiyejua hata kununa. Mzee Pandu ndiye aliyeanza kutuliwaza sisi, akavuta kofia yake ikakaa sawa, akasema neno ambalo kule ubaoni tulilifanya msemo wetu hadi tunastaafu:

"Mbuzi nshamchinja, na watu washamla. Mbuzi harudi, wanangu. Sasa itabidi huyu mtoto ndo apite."

Nilimrudishia jogoo wake, akakataa. Cha kupewa harudishiwi mtu, alisema, na akaondoka kwenda kwa mdogo wake. Jogoo tukamfunga mguu wa meza ya Bwana Makame mpaka jioni, na mchana kutwa aliwika kila kengele ilipolia, hata mkubwa mmoja wa serikali akaniuliza kwa nini amemtaka mhasibu wake akaunganishwa na shamba.

Kesho yake Bwana Makame alitukusanya tena. Alisema "umepita" limekwisha, na mtu asilisikie tena ndani ya chumba kile. Asha akapendekeza "haya." Bwana Makame akasema "haya" peke yake ni ya kumfukuzia mgeni. Tukaishia kwenye "haya, zungumza," na ndilo lililobaki. Nyinyi mtakaofanya kazi za maneno, mkatangaza, mkafasiri, mkaandika vibao vya mahospitalini, shikeni hili: neno usilipime kwa mdomo wa anayelisema, lipime kwa sikio la anayengoja. Anayengoja husikia kile anachokingojea. Sisi tulilipima kwa kupiga meza.

Ile marufuku tuliishika kuliko tulivyotakiwa. Hata njiani mtu akikuuliza, umepita sokoni leo? unajibu, nimekwenda. Bwana Makame mwenyewe siku moja alisema gari la taka halijapita, tukamtoza kahawa ya chumba kizima.

Huko Makunduchi nako mbuzi alifanya kazi yake. Mwanakheri, nilivyokuja kuhadithiwa na mwenyewe, alijifungia ndani kwa aibu, akitaka jina la Bi Mkunga limwondoke. Halikumwondoka. Mabibi wa kijiji walimtoa kwa maneno. Walisema wao nyama wameshaila na hawawezi kuitapika, kwa hiyo yeye ana deni la ukunga na waliokula wote ni wadai wake. Wakamwondolea zamu ya kuchota maji, wakamwambia asome. Kilichomwangusha kilikuwa Kiingereza. Basi akaletwa mjini kwa ami yake Vuai, na Bi Filomena, aliyesikia habari yote akafuma siku mbili bila kusema, akatangaza kwamba msichana huyo aje kwake kila alasiri.

Mara nyengine nilipita kwa Bi Filomena nikawakuta wamekaa ukumbini. Siku moja walikuwa kwenye hilo hilo neno letu. Bi Filomena alitoa sindano na uzi, kama alivyotutolea sisi, nikasema moyoni huyu naye ataitikia na hatafahamu. Mwanakheri aliutazama ule uzi unaingia huku unatokea kule, akasema kwa Kiswahili chake cha kwao, taratibu, kwamba basi hiyo ni kama mtoto anapozaliwa. Bi Filomena aliweka sindano chini. Akamwambia kazi yako yote, binti yangu, itakuwa neno hilo moja. Nami baada ya kulitamka kwa miaka, alasiri ile ndipo nilipolifahamu.

Mwaka wa pili ukafika, mtihani ukafanywa, majina yakabandikwa. Asubuhi ile chumbani kwetu hapakuwa na aliyecheka. Taa ya Makunduchi ilipowaka, Asha aliyekuwa karibu nayo zaidi aliondoa mkono, akaniachia mimi. Pumzi ilikuwa ile ile nzito. Nikachomeka duka la Mlandege, nikapiga kengele, Vuai akaitika, nikarudi kwa mzee.

"Haya, zungumza, baba."

Hakuzungumza. Aliniuliza kwanza kama mimi ndiye bibi wa jogoo. Nikasema ndimi. "Basi usende pahala," akasema. Nikamtazama Bwana Makame, kwa sababu amri ya kuondoa sikio ilikuwa yake. Bwana Makame akageukia dirishani akawa anayahesabu mapaa ya bati. Bi Filomena aliacha kufuma.

Vuai akasema, "Kaka, jina limo. Limo la mwanzo kabisa."

Nilisikia laini ikikwaruza, na nyuma ya mkwaruzo nilisikia watu wengi wamenyamaza pamoja, nikajua ofisi nzima ya Makunduchi imejaa mabibi waliokula mbuzi.

"Bibi wa jogoo," akasema mzee, "mdogo wangu namwamini. Lakini nataka nilisikie kwako. Mwaka jana uliniambia mapema, nambie leo."

Neno lenyewe tulikuwa tumelipiga marufuku. Nikashika waya kichwani kama nilivyofunzwa, nikasema:

"Mmepita, baba. Safari hii mmepita nyote wawili."

Simu ikabwagwa. Kabla haijakatika nilisikia vigelegele vimeanza, na Asha naye akaviitikia kwa kupiga cha kwake katikati ya kazi, ndani ya jengo la serikali. Kule Mlandege Vuai alibaki anasema alo, alo.

"Bibi," akaniuliza, "simu imekatika?"

Nikamwambia haikukatika. Kakaake amekwenda kutafuta mbuzi.